Riwaya Yangu Kwenye Mnada wa Kanisa

Leo nimeaibika, jamani, tena mbele ya usharika mzima, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe.

Mnajua nimetoa riwaya. Nimeichapa kwa hela yangu pale Mbeya, nakala mia moja. Mwandishi mimi, mhariri mimi, mchora jalada mimi (lile jalada mnalolicheka, ndiyo kazi yangu). Mwezi mzima nimezunguka nazo kwenye begi, nimeuza tisa. Saba kati ya hizo mmenunua ninyi kwa kunihurumia.

Nikaamua kuja nazo nyumbani, Iringa vijijini. Kikubwa nilitaka baba aone. Baba yangu ni mzee wa kanisa, na tangu niache kazi ya ofisi niandike vitabu hajawahi kunisema. Kila akipiga simu ananisalimia kwa Kihehe na kuniuliza tu, "Kamwene, mwanangu. Unakula?" Swali hilo linaniuma kuliko kusemwa.

Huku kwetu ibada ikiisha tunatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Aliyeleta mahindi, aliyeleta kuku, vyote vinanadiwa palepale uwanjani. Nami nikatoa nakala moja. Mnadishaji wetu ni fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi. Akainua kitabu juu.

"Hiki kaandika binti yetu wenyewe. Nani anaanza?"

Watu wakaendelea kutazama kuku. Kabla yangu lilinadiwa boga, na watu waligombania. (Boga, jamani.) Nikamwona baba anaangalia viatu vyake.

"Labda waonjeshwe kidogo," nikasema, kimbelembele mimi. "Soma popote."

Akafungua katikati, akasoma kwa sauti ya kutangaza msiba. Ikawa ni pale Mzee Lazaro, mzee wa kanisa, anapomwona mchungaji anapanda kilima kuja kumtembelea. Anajua mgeni huyo lazima achinjiwe. Basi anamkamata jogoo wake mwekundu, anamfunika kwa tenga nyuma ya jiko, halafu anampokea mgeni kwa uso wa huzuni: "Kuku wote wamekwisha kwa ugonjwa wa kideri, baba mchungaji." Wanakula maharage.

Watu walicheka. Nilifurahi, nisiwadanganye. Halafu nikaona shingo zinageuka, moja moja, kuelekea alipokaa baba.

Kwa sababu ni kweli. Nilikuwa darasa la tano, na tenga nililishika mimi. Kwenye kitabu nilibadilisha jina nikadhani nimemaliza kazi. Kilima nilikiacha. Rangi ya jogoo niliiacha. Hata maharage niliyaacha. (Mhariri wa kulipwa angeniuliza, "Huyu si baba yako?" Lakini mhariri nilikuwa mimi.)

Mchungaji wa siku ile, sasa mstaafu, alikuwa amekaa mbele kabisa. Akasimama taratibu na fimbo yake.

"Mzee mwenzangu," akamwambia baba, "mimi siku ile nilimsikia anawika. Nikanyamaza tu, maana nilikuwa mgeni."

Uwanja mzima ukawa haujiwezi. Kina mama walishikana mabega. Mimi nilimwangalia baba, mtu mzima aliyenisomesha, amekosa pa kuweka mikono yake. Hapo ndipo aibu iliponishika hasa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Elfu tano," baba akasema. Alitaka tu kitabu kitoke mikononi mwa yule fundi.

"Elfu kumi," mchungaji akamjibu. "Nataka nijue mlifanya nini nilipoondoka."

Wakapandishana, wazee wawili, mpaka baba akashinda. Watu wakahamia kwenye begi langu. Likaisha lote! Kila mtu anafunua kurasa anajitafuta, na mke wa yule fundi amenunua viwili. Ndoto yangu ya miaka mitatu imetimia, na sikuweza kumtazama mtu usoni.

Njia nzima ya kurudi nyumbani baba alitembea mbele, kitabu kwapani. Tulipofika nikapiga magoti.

"Baba, nisamehe."

"Nitakujibu nikimaliza kusoma," akasema.

Sasa hivi amekaa kibarazani na miwani yake, yuko ukurasa wa arobaini. Mama kavuta kigoda, anasomewa. Msicheke, nawaomba. Mwenye gari la kurudi Mbeya jioni hii anipitie upesi, maana ukurasa wa hamsini anaingia mama.