Anayelipofusha Gari la Mama

Jumapili, 12 Oktoba

Gari limebarikiwa! Padri Ghervasie alikuja baada ya ibada, akalinyunyizia maji kwa kishada cha mrehani, akapaka msalaba wa mafuta kutoka chupa ya Bibi kwenye kila kioo. Bibi hakuridhika. Alimwambia macho ya gari yapo pale juu, usawa wa kioo cha kutazamia nyuma. "Yapake na yenyewe, Baba. Ndiyo yatakayomlinda binti yangu." Padri akapaka. Bibi akasema kidogo hicho hakimfai hata paka. Padri akapaka tena, kwa ukarimu.

Macho hayo ni kamera mbili zilizo nyuma ya kioo cha mbele. Mama akivuka mstari wa barabara, gari linalia. Akilisogelea mno gari la mbele, linafunga breki lenyewe. Ndiyo maana tumelinunua. Mama ana leseni tangu kabla sijazaliwa na hajawahi kuendesha mbali zaidi ya sokoni. Sasa zahanati ya Rucăr inamtaka awe mkuu wa maabara, na barabara ya Rucăr ni kona tupu na malori ya magogo. Anatakiwa ajibu Ijumaa. Akikataa, atabaki kwa bosi wake wa sasa, yule anayemfanya alie bafuni huku amefungua maji tusisikie. Tunasikia.

Kwa hiyo lazima akubali.

Bwana Pompiliu wa ghorofa ya chini alitazama baraka yote akiwa amekalia ndoo yake ya saruji, ile anayozuilia nafasi ya kuegesha. Hakutabasamu. Nimelitia maanani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Taa ya njano!! Mama alitoka kufanya mazoezi ya kuendesha asubuhi, jua likimpiga usoni, na gari likaandika kwenye dashibodi kwamba kamera hazioni, msaada umezimwa. Akageuza akarudi. Alisema gari limemtelekeza kwenye mzunguko wa barabara.

Jana kamera zilikuwa nzima. Leo hazioni. Katikati kuna usiku mmoja na jirani mmoja. Na Mama ameegesha pale ambapo Pompiliu alikuwa akiweka tela lake!

Nilimkuta ngazini nikamuuliza, kwa ujanja, kama alilala vizuri. Akajibu, "Kama gogo, binti. Kwani nakoroma mpaka kwenu?" Asiye na hatia angejibu ndiyo au hapana. Nilitaka kumbana zaidi lakini niliona haya nikakimbia.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimesoma maktabani kuhusu mawimbi ya redio: yanaweza kuvuruga mitambo. Pompiliu ana antena mpya barazani, imeelekezwa uani. Yaani kwenye gari letu! Jioni alipokwenda kununua mkate nilishuka nikachomoa waya unaopita ukutani.

Kumbe waya ule ni wa televisheni za jengo zima. Na leo kulikuwa na mpira.

Kelele zilizotoka madirishani siwezi kuziandika. Pompiliu alisimama uani akipaza sauti: "Nani kanikatia mechi? Ajitokeze nimpe pole kabla sijamkamata!" Nilijifungia chumbani na kitabu cha biolojia. Baadaye aliuchomeka mwenyewe. Alijuaje mahali ulipochomoka?

Taa bado inawaka.

Jumatano, 15 Oktoba

Mtego wa nyayo. Nilinyunyiza unga wa mahindi kulizunguka gari kabla ya kulala, na mwingine kidogo juu ya boneti. Asubuhi nilikuta nyayo za paka na za ndara zangu. Pia njiwa. Njiwa wengi mno! Walikula ushahidi wote, kisha wakaacha wa kwao juu ya boneti.

Nilipotoka shuleni nilimwona Pompiliu, kwa macho yangu, amelishika gari letu akiwa na kitambaa! Alidai anapangusa kinyesi cha njiwa kabla hakijala rangi. "Sijui ni mjinga gani anayewalisha hapa," akasema. Aligusa boneti tu, au alitaka nione boneti tu?

Bibi anauliza kama ugali wa leo utapikwa kwa mchanga.

Alhamisi, 16 Oktoba

Fundi. Alichomeka kompyuta yake, akasema kamera hazina kasoro, ila hazioni. Mama akauliza kitu kisicho na kasoro kinakosaje kuona. Fundi akasema hata mkewe humuuliza hivyo. Alishauri tuagize kamera nyingine kutoka Pitești, zitachukua wiki kadhaa.

Hatuna wiki kadhaa.

Nilimnong'oneza fundi kama anamfahamu mtu aitwaye Pompiliu. Akasema ndiyo, aliwahi kumtengenezea tela. Kumbe!

Usiku Mama alisema kesho atawaambia Rucăr hapana. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akikatakata kabichi. Kisha akaenda kufungua maji.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Mama aliamua kuliosha gari ili aliuze. Alitumia spiriti na pamba alizokuwa nazo nyumbani, kwa sababu Mama husafisha hata meza ya chakula kama anaitayarisha kwa upasuaji. Alipofika sehemu ya juu ya kioo cha mbele akasimama. Akanusa pamba. Akaninusisha mimi.

Ubani.

Ni mafuta ya Padri! Waipa zilikuwa zinayasambaza tu, na jua likiyapiga kamera zinaona ukungu mtupu. Mama alifuta, akawasha gari, akazunguka mtaa. Taa haikuwaka!

Bibi alisema yeye hakusema yapakwe kama andazi. Mama alimwambia, "Mama, umelibariki gari mpaka likapofuka." Kisha akacheka, akapiga simu Rucăr, akakubali. Wamesema aanze Jumatatu hii hii. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Jambo hili limekwisha.

Jumapili, 19 Oktoba

Halijakwisha. Nimekumbuka: ile chupa ya mafuta aliyotumia Padri, Bibi aliletewa kutoka monasterini. Na nani? NA POMPILIU. Alikwenda huko mwezi Agosti akamletea zawadi. Zawadi! Ya mafuta! Miezi miwili kabla hatujanunua gari! Huyu mtu anapanga mbali.

Kesho ndiyo siku ya Mama. Sitambughudhi kwa habari hizi. Nimeandika onyo kwa herufi kubwa, "TUNAKUJUA. ACHA." Nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikalibandika kwa utepe wa gundi kwenye kioo cha mbele, juu kabisa, usawa wa kamera. Pompiliu akirudi kuzichezea atakutana nalo uso kwa uso. Kutoka ndani halionekani, limefichwa na kioo cha kutazamia nyuma. Nimefikiria kila kitu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Ameshambulia tena!!

Taa ya njano iliwaka kabla Mama hajafika kituo cha mafuta. Anasema alisimama kando, akataka kugeuza, akamfikiria bosi wake, akaendelea. Kona zote! Malori yote! Kwa macho yake mwenyewe! Amerudi jioni mashavu mekundu, akala sahani mbili za sarmale, nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi, akasema kumbe barabara ile si ndefu.

Kengele ikalia. Pompiliu, na karatasi yangu mkononi. Alisema ameibandua sasa hivi, ilikuwa imeziba kamera zote mbili. "Mwandiko mzuri kweli," akasema akinitazama. Mama akaisoma kwa sauti. Bibi akaomba isomwe tena. Walicheka mpaka Pompiliu akakaribishwa ndani akapewa sarmale, zile zilizobaki, zilizokuwa zangu.

Wacheke. Hakuna aliyejiuliza jambo moja: kama onyo lile halimhusu, alilibandua kwa nini? Amekuja na ushahidi mkononi mwake mwenyewe!

Kesho nabandika mawili.