Mhuri Umetekwa

Idara ya Mateka na Majadiliano ina furaha kuutangazia umma kwamba mfululizo wetu wa televisheni, unaohusu matukio ya kweli ya utekaji, umeanza kurekodiwa kwa mafanikio makubwa. Mimi, Msemaji wa Idara, naandika haya nikiwa ofisini. Sijatoka tangu jana, na hilo lisimshtue mtu.

Mgeni wetu wa kwanza alikuwa mama mmoja mkunga, aliyewahi kutekwa na majambazi ndani ya benki. Alisimulia vizuri, tukampigia makofi. Mara simu yake ikalia: binti yake kashikwa na uchungu, mimba ya kwanza, anamlilia mama.

"Haya wanangu, kwaherini."

Nikamweleza utaratibu kwa upole. Kwetu kuingia ni bure. Kutoka, awe mgeni au mwenyeji, kunahitaji kibali chenye mhuri wa Mkurugenzi, kwa usalama wa mtu mwenyewe. Na Mkurugenzi alikuwa anapakwa poda, tayari kuieleza kamera namna ya kumtuliza mtekaji.

"Mtoto hasubiri poda, mwanangu!"

"Mama, subira yavuta heri."

"Heri gani? Wale majambazi waliniachia kabla ya chakula cha mchana. Nyie mmenishika mpaka jioni, na hata bunduki hamna!"

Nilicheka kiofisi. Mkurugenzi akaja, akaketi, akauweka mhuri mezani ili watazamaji wauone. Lahaula! Mkunga akaunyakua, akagonga kibali chake, akautia mkobani, huyoo.

"Mkamateni!" alifoka Mkurugenzi, bingwa wetu wa majadiliano.

Mlinzi wa geti akakikagua kibali. Mhuri upo, tena umekolea. Akamfungulia mama na kumtakia safari njema.

Mkurugenzi akafika mbio, poda inamtiririka.

"Kibali, mzee?"

"Wewe! Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Najua, mzee. Kibali?"

Kanuni hiyo aliiandika mwenyewe, na mlinzi aliipenda kuliko sisi sote. Tukalala juu ya meza. Wapiga picha nao walikwama, wakaona heri waendelee kurekodi.

Asubuhi mkunga akapiga simu. Mkurugenzi aliipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimepata mjukuu wa kike, mnene huyo!"

"Hongera sana, mama. Na mhuri... haujambo?"

"Haujambo. Mwambie na yule msemaji wako, subira yavuta heri. Ngoja kwanza nimwogeshe mtoto."