Ngazi ya Don Casimiro na Safari Zangu Zote

Jumatatu, 20 Januari

Nimegundua siri ya maisha. Orodha!

Karatasi moja, safu mbili. Kushoto, kazi nilizoahirisha. Kulia, mahali ambapo sijawahi kufika. Kila kazi nitakayoifuta kushoto inanilipia safari moja kulia. Nilipomaliza kuiandika nilikaa nikiitazama vile watu wanavyoutazama mlima Illimani asubuhi mawingu yakifunguka. Sikuthubutu hata kuikunja.

Kushoto: bati lililoinuka juu ya kitanda cha Shangazi Saturnina. Kurudisha ngazi ya Don Casimiro, jirani yetu (niliiazima Agosti kwa ajili ya bati hilohilo). Jino. Kitambulisho kilichokwisha muda. Kulia: Ziwa Titicaca. Jangwa la chumvi la Uyuni. Bahari, yoyote ile.

Shangazi aliisoma akiwa nyuma yangu. Akasema mwandiko mzuri kweli, ila matone yanaangukia mto wake, hayaangukii mwandiko. Akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba mvua ikimwamsha tena anafunga mizigo na kuhamia kwa binti yake Santa Cruz, kule chini kwenye joto, nami nibaki na makaratasi yangu.

Nimeogopa. Shangazi ndiye aliyenilea. Sijui hata chumvi anaiweka wapi. Nimepiga mstari chini ya neno "bati". Kisha mwingine.

Sikupanda. Niliitazama ngazi kutoka chini. Ni ndefu kuliko ilivyokuwa Agosti.

Jumatano, 22 Januari

Limbert, karani mwenzangu, amebandika picha yake ukutani ofisini. Amesimama Uyuni baada ya mvua, maji yametanda juu ya chumvi, mbingu ziko juu na mbingu ziko chini. Mawingu chini ya viatu! Nilishika kiti nisianguke. Sikujua dunia inaruhusu kitu kama hicho.

Limbert akaniona. "Na wewe, Abdón, mwaka huu umefika wapi? Umevuka hadi kaunta ya tatu?" Ofisi nzima ikacheka. Nikajibu kwamba niko kwenye maandalizi. Wakacheka zaidi.

Nimeirekebisha orodha. Nimeongeza kushoto: kunoa penseli, kumsalimia mlinzi, kuandika orodha. Nimezifuta zote papo hapo. Kwa haki kabisa, safari tatu zimeshalipiwa!

Jioni mvua. Nimesogeza kitanda cha Shangazi hadi ukutani. Tone limekifuata.

Alhamisi, 23 Januari

Kwa nini nipande ngazi? Kesho ni Alasita, sikukuu ya vitu vidogo! Kitu kidogo ukikipata sokoni adhuhuri, saa sita kamili, kikafukizwa moshi, mwaka unakuletea kikubwa chake. La Paz nzima inajua. Kuna waliopata nyumba hivyo. Kuna waliopata waume.

Sharti moja: kitu kina nguvu zaidi ukipewa na mtu mwingine. Basi nimepatana na Shangazi. Mimi nitampa bati dogo, maana kitanda ni chake. Yeye atanipa sanduku dogo la safari. Amekubali haraka mno. Nimemwandikia maelezo, pamoja na rangi ya sanduku.

Ijumaa, 24 Januari

Alasita imeniangusha.

Kwanza, uzuri wake. Saa sita ilipokaribia, mji mzima ulikuwa umejaa sokoni na kila mtu ameshika ndoto yake kwa vidole viwili. Gari la ukubwa wa karanga. Shahada ya ukubwa wa stempu. Nilimwona Bwana Wakili mwenyewe, mkuu wa ofisi yetu, ambaye nikisikia kikohozi chake tu naangusha mihuri, ameinamisha kichwa mbele ya mama mfukiza moshi, mkononi ana mtoto mchanga wa plasta, mdogo kama haragwe. Analia. Nikageuka upesi. Sikujua kwamba anatamani mtoto. Hakuna anayejua ofisini.

Nilikuwa nimepanga foleni kununua bati la Shangazi, tena nimeomba risiti. Muuzaji alinitazama kama nimeomba figo yake. "Risiti ya nini, kijana? Unampelekea nani, serikali?" Akaanza kutafuta kalamu. Kengele zikalia! Watu wakasukumana, petali zikaruka, moshi ukafumba macho yangu. Nikanyakua kilichokuwa karibu, nikalipa, nikakiinua kwenye moshi pamoja na watu wote, nikamwekea Shangazi mkononi kwa heshima zote.

Moshi ukatawanyika. Nilikuwa nimempa sanduku la safari.

Naye alikuwa amenipa ngazi. Ngazi ndogo, nyundo ndogo na misumari mitatu. Akasema maelezo yangu aliyasoma vizuri sana, ndiyo maana hakuyafuata.

Mungu wangu! Nimempeleka Santa Cruz kwa mkono wangu mwenyewe. Tena saa sita kamili!

Jumamosi, 25 Januari

Nimemwomba anirudishie. Akasema kilichofukizwa hakirudi dukani wala kwa mjinga aliyekitoa. Amelivisha shingoni mwa Ekeko, kisanamu chetu cha bahati, yule kibonge wa masharubu aliyebebeshwa kila kitu pale juu ya kabati. Ekeko ananicheka, sigara mdomoni.

Alfajiri tone lilimpiga Shangazi kwenye paji la uso. Alivuta sanduku la kweli kutoka chini ya kitanda akalipangusa vumbi.

Nikakimbilia ngazini. Nikapanda vipandio viwili! Niliuona ua wa Don Casimiro, kuku wake wawili, na ng'ambo ya ukuta anga ambayo sikuwahi kuihesabu kuwa yetu. Dunia ni pana mno. Nikashuka.

Nimemwahidi Shangazi kwamba nitapanda kesho. Akasema Agosti pia ilikuwa na kesho.

Jumapili, 26 Januari

Nimepata ufumbuzi. Tatizo si bati, tatizo ni woga wa kwenda juu, na woga una dawa. Nitatumia moja ya safari zangu zilizolipiwa kwenye teleferiko, vile vibanda vya kioo vinavyopita kwenye waya juu ya mtaa wetu. Ni safari na ni tiba. Nikishuka nitakuwa mtu wa kupanda mabati.

Nilifumba macho tulipoondoka kituoni. Mama mmoja mwenye furushi la viazi akanigusa goti. "Fumbua, mwanangu. Umelipa nauli ya kuona."

Nikafumbua.

Siwezi kuandika vizuri nilichokiona. Illimani wote, mweupe, bila wingu, kama kitu kilichowekwa pale muda si mrefu. Chini yetu makaburi, kila moja na kidirisha chake na maua yake. Kisha mapaa, maelfu, mekundu na ya bati, na mawe juu yake kuzuia upepo. Kisha paa letu. Bati letu, lililoinuka kama kona ya ukurasa.

Na mtu juu yake.

Sketi pana ya kijani. Kofia ya duara imekaa sawasawa. Shangazi Saturnina, magoti juu ya bati, misumari mdomoni, anapiga nyundo! Chini Don Casimiro ameikumbatia ngazi, uso ameuinua kama yuko kanisani.

Nikagonga kioo. Shangazi akatazama juu, akainua nyundo. Sijui alinisalimia au alinitishia. Nilistaajabu hadi nikasahau kuogopa.

Yule mama akauliza kama namjua. Nikasema kwa fahari kwamba ni shangazi yangu.

"Eh! Sasa wewe unafanya nini humu ndani?"

Kibanda hakisimami njiani. Ilinibidi nifike El Alto, kituo cha mwisho kule juu, kwanza, nikapange foleni ya kurudi.

Nyumbani nilimkuta anakunywa chai na Don Casimiro, kitanda kikavu. Kabla sijauliza akasema Santa Cruz haendi. Hawezi kumwachia mtu paa alilolipigilia mwenyewe. Nikaenda jikoni nikalia kidogo. Nikaiona chumvi.

Aliponiita nirudi akasema ila sanduku ni sanduku, na Ekeko haaibishwi. Kesho wanaenda Ziwa Titicaca, yeye na Don Casimiro, wanarudi Alhamisi. Don Casimiro akawa mwekundu. Kumbe tangu Agosti kila alipokuja kuulizia ngazi alikaribishwa chai.

Jumatatu, 27 Januari

Wameondoka asubuhi, Don Casimiro amebeba sanduku. Shangazi alisema bati la upande wangu nalo limeanza kuinuka, nilipigilie, kisha niirudishe ngazi. Misumari iko mezani.

Nimetafakari na kuandika orodha mpya, ya safu tatu. Inapendeza kuliko ya kwanza.

Bati la Shangazi: limefutwa. Titicaca: imefutwa, mtu wa nyumba yetu anafika leo. Ngazi: hairudi. Ikirudi, Don Casimiro atakuja kuuliza nini? Kuna mambo ya familia yanayohitaji busara. Bati langu: Alasita ijayo, saa sita kamili. Nitafika mapema na risiti nimeshaiandika mwenyewe.

Mvua imeanza. Tone la kwanza limeangukia mto wangu. Nimesogeza kitanda hadi ukutani.

Ajabu! Limenifuata.