Kidonge Kilichomkataza Mke Wangu Kupiga Magoti

Ndugu Mfamasia Jenipha,
Duka la dawa la karibu na stendi,
Bariadi.

YAH: KUOMBA KIDONGE CHA MIFUPA CHA MKE WANGU KISITISHWE

Mwangaluka. Najua barua rasmi haianzi hivi, lakini mimi ni mtu wa Sapiwi na sikulelewa kumlalamikia mtu kabla ya kumsalimia.

Mimi ni mume wa Stephania, yule bibi aliyevunjika nyonga mwaka jana kwa kujikwaa tu mlangoni. Daktari alisema mifupa yake imedhoofika, na akivunjika tena huenda asiinuke. Akamwandikia kidonge cha kila Jumapili, wewe ukampa, na hapo ndipo ulipotuvurugia nyumba. Ulimwambia akimeze asubuhi kabla hajala kitu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha asilale wala asiiname kwa nusu saa, kisije kikamchoma koo. Uliyasema hayo mbele yangu, na hukuniuliza kama hiyo nusu saa tunayo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu mke humsalimia mumewe asubuhi kwa kupiga magoti. Stephania amefanya hivyo tangu nilipopeleka ng'ombe kwa baba yake. Sasa Jumapili ananisalimia akiwa wima kama mwenyekiti wa kijiji, nami nimekaa kwenye kigoda. Nilijaribu kusimama ili tulingane, nikagundua kwamba amenizidi urefu. Miaka yote hiyo ya ndoa sikuwa na habari.

2. Kidonge hakitaki maziwa. Tangu shuleni tumefundishwa kwamba maziwa hujenga mifupa, leo dawa ya mifupa inayakimbia! Ulieleza kwamba kalsiamu ya kwenye maziwa inazuia kidonge kuingia mwilini, kwa hiyo ayanywe baadaye. Mimi nimekuelewa. Ila ng'ombe wangu wamedharauliwa, na hakuna aliyewaomba radhi.

3. Kama haruhusiwi kuinama, nani apulize moto? Mimi, mzee Shigela, mtu ninayesoma matangazo kanisani! Jirani yangu Masalu alinikuta nimepiga magoti mbele ya mafiga, macho yamejaa moshi, mke wangu amesimama nyuma yangu akinielekeza kuni zipi nisogeze. Habari ilifika kanisani kabla yetu. Halafu hatuna saa ya ukutani, hiyo nusu saa anaipima yeye mwenyewe, na haijawahi kwisha kabla uji haujaiva.

4. Hili ndilo kubwa. Wanawake wa jumuiya yetu wamesikia. Apolonia, mke wa Masalu, ambaye hubeba furushi la pamba bila hata kuhema, Jumapili iliyopita alikunywa glasi ya maji akasimama wima mpaka wakati wa misa. Masalu alipouliza kulikoni, alijibiwa kwamba mke wake yuko kwenye dozi. Dozi gani? Maji ya kisima! Sasa ukipita kitongoji chetu Jumapili asubuhi, kila jiko lina mwanamume anayekohoa. Je, palizi ikifika na wanawake wakaamua kwamba dozi ni ya kila siku? Pamba haipaliliwi kwa kusimama wima, mwanangu. Mkoa mzima utakosa mavuno, na wakija wakubwa kuuliza chanzo, nitawaonyesha dirisha lako.

Kwa hiyo naomba kidonge hicho kisitishwe mara moja. Ikishindikana, itafutwe dawa ya wanaume, ya kumezwa kwa maziwa mtu akiwa amelala chali, na asiguse kuni kwa nusu saa.

Wasalimie wote hapo dukani. Msalimie na mama yako, umwambie amekulea vizuri, pamoja na haya yote.

Ni mimi, kwa heshima na macho mekundu,
Shigela Mhoja,
Sapiwi.

Nyongeza: Martha, binti yangu mkubwa anayekuletea barua hii, amebeba pakiti tupu. Vidonge vimeisha. Jana Stephania aliteleza kisimani akaangukia nyonga ile ile. Nilimkimbilia nikilia mbele za watu, wala sikuona aibu. Nilipofika alikuwa ameshainuka, anakung'uta sketi, ananiuliza nalilia nini. Mimi ndiye niliyekaa chini kwenye tope. Tafadhali, mwanangu, usimrudishe Martha mikono mitupu.