Sahihi Saba za Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Mkaguzi wa zimamoto kaja leo. Kaingia kwa mlango wa mbele, kautafuta mlango wa nyuma, hakuuona, kaandika. Katuambia kwamba watu tisa na vibanda tisa ndani ya ukumbi wenye mlango mmoja ni sawa na kuni zilizokwisha pangwa jikoni, bado kiberiti. Tutoboe mlango wa dharura ukuta wa nyuma. Akirudi Jumatatu ijayo hajaona dalili, anafunga ukumbi.

Sasa tatizo. Ukuta wa nyuma una vibanda viwili tu. Changu cha kutengeneza simu, na cha Mzee wa Saa. Kimoja lazima kivunjwe. Mwenyekiti wetu, Muuza Miwani, kasema tutapiga kura Ijumaa. Yeye hapigi kura mpaka tufungane. Tunabaki wanane. Anayepata tano kashinda.

Kibanda hiki kaniachia kaka yangu alipokwenda shamba kufuga. Aliniambia siku nikikipoteza nijihesabu nimeajiriwa: kufagia mabanda ya kuku elfu moja na mia mbili. Mimi kuku mmoja akipita mbali napiga chafya.

Kwa hiyo Mzee wa Saa ataondoka. Sina chuki naye. Ila ana saa za ukutani thelathini na moja, na saa sita mchana zinalia zote, kisha zile zilizochelewa zinalia zenyewe kujitetea. Mara tatu kwa siku anakuja kwangu kuniuliza saa ngapi. Fundi saa. Na ananiita mjukuu wangu mbele ya wateja wa kike.

Wengine wataanza kuhangaika Alhamisi. Mimi naanza kesho. Nimesoma mpaka kidato cha pili, na hicho cha pili nilikielewa karibu chote.

Jumanne, 5 Machi

Nimepima kwa miguu yangu. Mlango na njia yake vitakula hatua mbili. Kibanda cha Mzee kina hatua tatu. Itabaki hatua moja ya bure, haina mwenyewe. Hapo ndipo akili ilipowaka. Ile hatua moja ndiyo mtaji wangu.

Nimeanza na Mama Cherehani. Nikampa shikamoo mbili, ya asubuhi na ya akiba. Nikamwambia akinipa kura, nafasi itakayobaki kwa Mzee ni yake, aweke cherehani ya pili. Akanitazama juu ya miwani, akauliza, mwanangu, hilo umeliamua wewe na nani? Nikasema mimi na walio wengi. Akauliza walio wengi ni akina nani. Nikamwambia mpaka sasa ni mimi na yeye. Akacheka, akakubali.

Kinyozi naye anataka nafasi ya benchi, wateja wake wanasubiri wamesimama mpaka nywele zinaota upya. Nikamwahidi ile hatua moja. Dada wa Fotokopi anataka nafasi ya kabati la karatasi. Nikamwahidi ile hatua moja.

Najua. Lakini ahadi siyo gari, haihitaji maegesho.

Jumatano, 6 Machi

Mpaka jana nilikuwa na wanne. Mtu wa kawaida angetafuta wa tano akalale. Mimi nataka ushindi wa kuonekana.

Fundi Viatu anataka mlango mpya uwe wazi kila siku, watu wakatize mbele ya meza yake wakiwa na viatu vibovu. Nikasema umepata. Huyo wa tano.

Kisha Pacha wa Redio, yule mkubwa. Hawa ni mapacha wawili, vibanda viwili, na mwaka wa tatu hawasemeshani. Wateja ndio wanapeleka salamu. Nilimuuliza anataka nini. Kasema hataki kitu, anataka tu mwenzake asipate kitu. Nikamwahidi. Nikaenda kwa mdogo, naye hataki kitu ila mwenzake asipate. Nikamwahidi huyo pia, na hii ndiyo ahadi pekee ya wiki nzima ambayo nina uhakika nitaitimiza.

Saba. Muungano wa watu saba kati ya wanane. Mzee atabaki na kura yake moja kama saa yenye mshale mmoja.

Alasiri Mzee kaja kuuliza saa ngapi. Nikamjibu. Akasema wewe mjukuu wangu una heshima, mlango ukipita kwangu usijisikie vibaya. Nikamwambia sijisikii vibaya hata kidogo. Ni kweli.

Alhamisi, 7 Machi

Watu wa huku wanageuka haraka. Kwa hiyo nimeandika karatasi, maana kilichoandikwa hakigeuki. Imekaa hivi: "Sisi tuliosaini hapa chini tumekubaliana mlango wa dharura upite kwenye kibanda cha …………" Jina nimeliacha wazi. Mzee anapitapita kuuliza saa, angeliona. Nitalijaza kesho kikaoni, mbele ya watu wote.

Sahihi ya kwanza nimeweka yangu, kubwa, yenye mkia, ili wengine wasiogope.

Wakaanza kunichosha. Mama Cherehani hasaini mpaka iongezwe kwamba watu wasipite mlangoni wakati anampima mteja. Nikaongeza. Kinyozi anataka mlango uwe na kioo upande wa ndani. Nikaongeza. Fundi Viatu kakumbushia lake la kila siku. Pacha mkubwa apite mlangoni asubuhi tu, mdogo jioni tu, wasikutane. Dada wa Fotokopi katazama yote hayo, akasema karatasi muhimu namna hii lazima itolewe nakala tisa, na nakala zitolewe kwake. Mstari wangu mmoja mzuri umekuwa na vifungu sita. Sijui hata bungeni wanaendaje choo.

Saa tisa sahihi saba zimetimia, karatasi iko kwa Dada kwa ajili ya nakala. Nilipokwenda kuifuata nikawakuta yeye, Kinyozi na Mama Cherehani wameizunguka mashine. Kinyozi kasema tulikuwa tunakutaja kwa wema, bwana mdogo. Nilijua. Wananiandalia kitu.

Dada akasema karatasi ibaki kwake, mashine imepata moto, nakala atamaliza asubuhi. Nikamwachia. Ndiyo raha ya kuwa na watu.

Jioni Mama kaja na futi yake ya kupimia nguo. Kapima kibanda changu. Upana, kisha rafu, kisha upana tena. Akamwita Kinyozi aje ashike ncha ya pili. Nikawauliza vipi. Mama akasema, mwanangu, kumbe wewe una hatua nne. Nikamwambia naam, kibanda hiki ni kikubwa kuliko cha Mzee, siku zote nasema hamnisikii. Nadhani atanishonea pazia.

Ijumaa, 8 Machi

Sitaki kuandika.

Naandika kwa sababu lazima ibaki kumbukumbu ya watu hawa.

Kikao kilianza saa nne. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja. Nikasimama, nikasafisha koo. Mama Cherehani akaniambia keti mwanangu, usijichoshe, umeshafanya kazi ya kutosha. Akampa Mwenyekiti karatasi yangu. Yangu. Ile ile. Pale nilipoacha wazi pamejazwa kwa mwandiko mzuri wa Dada wa Fotokopi: Fundi Simu.

Nikasema hii imeghushiwa. Mwenyekiti akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akakagua. Akaniuliza kama kuna neno lililofutwa. Hakuna. Kama kuna lililobadilishwa. Hakuna, ila limejazwa. Akauliza kama nafasi ya kujaza niliiacha mimi. Akauliza kama sahihi ya kwanza ni yangu, hii kubwa yenye mkia. Ukumbi mzima unaijua sahihi yangu, nimeiandika hata kwenye mlango wa choo.

Akasema kwa miaka yote aliyokaa kwenye kiti hajamwona kijana anayejitolea kibanda chake kwa ajili ya usalama wa wenzake, akatangulia kusaini. Wakanipigia makofi. Pacha mkubwa na Pacha mdogo wamepiga makofi kwa pamoja, mara ya kwanza tangu mwaka juzi.

Mzee wa Saa peke yake kasimama. Kasema kijana amekosea mahali, mimi namwona siku zote, hana roho ya kutoa hivyo. Upitisheni kwangu, mimi ni mtu wa meza moja tu, popote nakaa. Wakapiga kura. Saba kwa moja. Mimi nikiwa miongoni mwa wale saba, kwa sababu sahihi ni kura, kasema Mwenyekiti.

Baadaye nikamfuata Kinyozi. Nikamwuliza kosa langu nini. Hakuficha. Kasema bwana mdogo, ulimwahidi kila mtu hatua moja ile ile, tukakutana kwenye mashine tukaanza kugombana. Mama akapima. Kwa Mzee inabaki hatua moja, cherehani haiingii, benchi haliingii. Kwako zinabaki mbili. Cherehani inaingia, benchi linaingia, na kabati likisimamishwa wima nalo linaingia. Nikasema lakini muungano niliutengeneza mimi. Akasema ndiyo, na uliutengeneza vizuri, tulikuwa saba na tulihitaji watano. Tukikutoa wewe tunabaki sita. Ungetafuta watano tu tungekuogopa.

Kisha akaniuliza kama ninanyoa, maana kichwa kimejaa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimehamisha vitu. Simu mbovu arobaini na mbili, chaja, rafu, bango langu la "Bingwa wa Skrini". Nimemaliza saa tano. Maisha ya mtu yanaingia kwenye maboksi matatu.

Kaka kapiga simu. Sijui nani kamwambia. Hakunikaripia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kaniuliza navaa saizi gani ya buti.

Mzee wa Saa kaniona nimekaa juu ya boksi. Kaja, kauliza saa ngapi. Nikamjibu sijui. Akasimama pale pale. Halafu akaanza kuondoa saa zake kwenye nusu ya meza yake, moja moja, anazipuliza vumbi, anazitundika juu. Akasema meza hii inatosha watu wawili wasiopigana viwiko. Akasema nimwambie kaka atafute mtu mwingine wa kuku.

Sikusema asante vizuri. Nikabeba boksi la kwanza.

Jumatatu, 11 Machi

Mafundi wametoboa ukuta jana, kibanda changu hakipo. Leo Mkaguzi kaja. Mwenyekiti kamkabidhi karatasi, Dada wa Fotokopi kasimama nyuma yake na nakala tisa.

Mkaguzi kasoma. Kavua kofia, kasoma tena. Akauliza kwa upole: moto ukiwaka wakati Mama anampima mteja, moto usubiri? Mama akasema inategemea mteja. Akauliza kioo cha nini. Kinyozi akasema mtu anayekimbia naye anataka kujiona. Akauliza kama moto wa asubuhi uruhusiwe kumuunguza pacha mdogo kwa kuwa zamu yake ni jioni. Pacha mkubwa akasema yeye hana pingamizi.

Mkaguzi akachukua kalamu, akakata vifungu vyote sita. Kisha akapima, akasema njia ya dharura haiwekwi cherehani, benchi wala kabati pembeni yake. Hatua zote nne zibaki tupu. Na mlango haufunguliwi ovyo. Ni wa dharura, akasema, Fundi Viatu asimtazame hivyo.

Uso wa Mama Cherehani. Uso wa Kinyozi. Dada wa Fotokopi kazikumbatia nakala zake kama mtoto mgonjwa. Wamevunja kibanda cha mtu na hakuna aliyepata hata pa kuegemeza fagio. Nilicheka mpaka machozi, mpaka nikakumbuka kibanda chenyewe kilikuwa changu.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya pili mezani kwa Mzee. Hali si mbaya. Wateja wangu wamenifuata, wawili wameacha na saa. Chai ananinunulia yeye. Saa sita zimelia zote thelathini na moja juu ya kichwa changu, nikadondosha skurubu ndogo kuliko punje ya mchanga, Mzee kaipata kabla yangu.

Ila meza ina tatizo. Ina taa moja, na taa iko upande wake. Kazi ya simu inahitaji mwanga kuliko kazi ya saa, hilo hata mtoto anajua. Ningemwomba tungebadilishana, lakini kuomba kunamshushia mtu hadhi. Jambo kama hili linataka muungano.

Nimekaa nimechambua vizuri yaliyonipata wiki iliyopita. Kosa nimeliona. Watu walikuwa wengi mno. Safari hii nataka watano tu, basi. Mapacha wote wawili wako upande wangu, nimemwahidi kila mmoja kwamba mwenzake hatapata mwanga. Mama Cherehani ananionea huruma kidogo, nitaanzia hapo.

Karatasi mpya iko tayari: "Sisi tuliosaini hapa chini tumekubaliana kwamba atakayekaa upande wa giza ni …………" Jina nimeliacha wazi, maana Mzee yuko hapa hapa kiwiko kwa kiwiko, angeliona.

Sahihi ya kwanza nimeweka yangu. Nimeiongezea mkia.