Ndege Nzima ya Kilindoni

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mafia, kuanzia Ras Mkumbi mpaka Juani, pamoja na wageni wote wenye kamera, kwamba ndege iliyopo pembezoni mwa uwanja wa Kilindoni si mbovu, si chakavu, wala haikutelekezwa. Ipo katika mapumziko ya kiutendaji. Atakayeonekana anaicheka atahesabiwa kuwa ameicheka Idara.

Tangazo hilo lilisomwa mitaani kwa kipaza sauti kilichofungwa nyuma ya pikipiki. Aliyelisoma ni Bwana Mansuri, Afisa Msimamizi wa Vyombo vya Akiba, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Sauti ilimtetemeka. Msimcheke, hata nyinyi ingewatetemeka.

Chanzo cha yote ni neno moja tu. Kila mwaka makao makuu, Dar es Salaam, yaliuliza hali ya ndege, na kila mwaka Mansuri alijibu kwa uaminifu kwamba ndege ni nzima. Alimaanisha kwamba wanunuzi wa chuma chakavu hawajaing'oa kitu: mabawa yapo, mkia upo, mlango upo. Mtu aliyepewa kitu akilinde aseme nini zaidi? Lakini huko Dar gari zima ni gari linalotembea, na ndege nzima ni ndege inayoruka. Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Ukasha, alilipenda sana neno lile, akawa halimtoki mdomoni kwenye hotuba. Wenzake wana magari, alisema, yeye ana ndege nzima Mafia, inasubiri dharura tu. Dharura zikaja, zikapita, na ndege ikaendelea kusubiri.

Ndipo wakajitokeza Wapenda Ndege Chakavu. Hawa ni watu wenye akili zao timamu, wana kazi na familia, ila siku za mapumziko huzunguka nchi wakitafuta ndege zilizokufa: iliyoachwa nyuma ya shule, iliyogeuzwa ghala la mahindi, iliyomezwa na vichaka. Wakiipata huipiga picha kila upande, husoma namba zake mkiani, na furaha wanayoipata huwezi kuieleza. Kiongozi wao, Bi Tasnim, mwalimu wa hesabu wa Tanga, alikuwa ameitafuta hii ya Kilindoni kwa muda mrefu, maana ndege pacha wa hii alishamwona Tabora akiwa amelala chali. Akatangaza mtandaoni kwamba anakuja Mafia kuthibitisha kifo.

Mkurugenzi akampigia Mansuri simu papo hapo. Alisema naye anakuja, tena na waandishi wa habari, kuwaonyesha hao wapiga picha chombo kinachofanya kazi. Mansuri akajaribu kumfafanulia maana ya nzima. Mkurugenzi hakuwa na nafasi ya somo la Kiswahili.

"Neno ni lako," alisema. "Wakiandika imekufa, basi wewe ndiye uliyeiua, na utafukuzwa kazi kwa kuua ndege ya umma."

Mansuri akaogopa, tena akaogopa hasa. Ana watoto, ana mama mzee, na hana ujuzi mwingine duniani ila kulinda kitu kisichoondoka.

Ikaundwa Kamati ya Kuhuisha Mwonekano. Kamati ikaazimia kwamba upande unaotazama barabara upakwe rangi nyeupe, mlango ukiwemo, na upande wa pili, uliokosa injini, utangazwe kuwa eneo nyeti. Matofali yanayokaimu nafasi ya magurudumu yavishwe kitambaa cha bluu. Suala la kuku aliyekuwa akiatamia kwenye kiti cha rubani, mali ya Bi Jokha, jirani wa uwanja, lilichukua muda. Bi Jokha alisema wazi kwamba mwenye ubavu wa kumtoa kuku juu ya mayai aende akamweleze kuku mwenyewe. Wajumbe wakatazamana, kisha wakaamua kwamba kiti hicho kina mtu.

Siku ikafika. Mkurugenzi alishuka kutoka kwenye kindege cha kukodi, akakiambia kirudi zake, kwa sababu mwenye ndege yake, aliwaeleza waandishi, haombi lifti. Kimoyomoyo alishapanga kuondoka kwa boti, watu wakitawanyika.

Bi Tasnim aliizunguka ndege taratibu, upande nyeti na usio nyeti. Akaweka kiganja kwenye mkia, akasoma namba, machozi yakamlengalenga. Kisha akamgeukia Mkurugenzi, akamuuliza kwa heshima kama imekufa au inaruka.

"Ni nzima," akajibu Mkurugenzi.

Bi Tasnim alinyong'onyea, lakini ni mtu wa haki. Akasema kama inaruka si ya kwao, wataifuta kwenye orodha yao, ila wanaomba jambo moja, waione ikimrudisha Mkurugenzi Dar. Waandishi wakajipanga. Watu wa Kilindoni wakasogea nyuma kuipisha, na mmoja akaenda kuswaga mbuzi watoke uwanjani.

"Rubani yuko wapi?" Mkurugenzi akamnong'oneza Mansuri.

"Yupo kwenye kiti chake, Mheshimiwa. Kamati imethibitisha."

Mkurugenzi akapanda, nia yake apunge mkono mlangoni kisha ashuke kwa kisingizio cha hali ya hewa. Lakini Mansuri ni mtu wa taratibu, na abiria akishaingia mlango hufungwa. Akaufunga. Rangi ilikuwa mbichi bado na kutu ni ya zamani, vikashikana. Ndani kukasikika kishindo, mbawa zikipigwa, na sauti ya mtu mzima akiomba radhi. Waliosimama mbali wakaambiana kwamba injini imewaka.

Uso wa Mkurugenzi ukatokea dirishani, una manyoya.

"Fungua mlango, Mansuri."

Mansuri alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu, woga ukamtoka.

"Ndege nzima haifunguliwi ikiwa na abiria, Mheshimiwa. Ni hatari," akasema kwa upole. "Ingekuwa mbovu, hapo ningeleta nyundo."

Mkurugenzi akausukuma mlango kwa bega, haukusogea. Kisha kuku akarudi kazini.

"Ni mbovu," akapiga kelele Mkurugenzi. "Mbovu kabisa."

"Tangu lini?" akauliza Bi Tasnim, kamera imeshainuliwa.

"Tangu kabla huyu hajaajiriwa. Nilijua siku zote."

Mansuri akamwomba arudie polepole, kwa kuwa waandishi hawakusikia vizuri kwa kelele za rubani. Mkurugenzi akarudia, akitaja jina na cheo chake. Ndipo Mansuri akakunja mikono ya shati lake na kwenda kutafuta nyundo, akisalimiana na kila aliyekutana naye njiani.