Mwenye Hekima kutoka Ibra

Nizar wa Ibra hakuwa mwizi. Hilo alilieleza mwenyewe kila alipopata nafasi, na nafasi alizipata nyingi, kwani watu walimuuliza mara kwa mara. Alikuwa, kwa maneno yake, mfanyabiashara wa fursa. Ikiwa ngamia wa mashindano aliyewauzia jamaa watatu kwa ubia alikuwa amekwishakufa siku ya mauzo, hiyo ni kazi ya Mungu, na Nizar si mtu wa kuingilia kazi ya Mungu. Ikiwa maji ya dawa ya Wadi Bani Khalid yaliponya kila maradhi isipokuwa yale aliyokuwa nayo mnunuzi, basi mnunuzi angechagua maradhi mengine.

Asubuhi moja ya Oktoba alikuwa Nizwa, chini ya ngome, akiwatembeza watalii sokoni na kuwaonesha majambia ya kale yaliyowasili juzi kutoka kiwandani. Bibi mmoja wa Austria akasimama mbele ya duka la ubani. Muuza duka alikuwa ametupa punje mbili tatu kwenye makaa. Yule bibi akafumba macho, akavuta pumzi, na machozi yakamtiririka.

"Unaumwa?" Nizar akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kutembeza watu.

"Krismasi," bibi akasema. "Hii ni harufu ya Krismasi ya kwetu. Wale wenye hekima kutoka Mashariki walileta dhahabu, ubani na manemane."

"Mashariki ipi?"

"Mashariki tu. Hakuna aliyejua."

Nizar akatulia kama mtu aliyetajiwa jina lake redioni. Yeye kazaliwa Ibra. Ibra iko mkoa wa Sharqiyah. Na Sharqiyah, hata mtoto wa chekechea anajua, maana yake ni Mashariki. Dunia nzima miaka yote hiyo haijui wale watu walitoka wapi, na yeye ana pasipoti!

Kilichobaki ni mtaji, na mtaji wa Nizar siku zote ulikaa katika mifuko ya wengine. Safari hii alimchagua Bi Kuruthum, mjane wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Unguja, mwenye mitende mpaka kule mji wa Adam na mkono mzito kufunguka kuliko lango la ngome. Alimkuta sebuleni kwake Ibra, dalla ya kahawa pembeni na sahani ya halua mbele yake.

"Shikamoo, Bi Kuruthum."

"Marahaba. Umekuja kuuza nini?"

"Astaghfirullah, bibi! Nimekuja kukujulia hali."

"Hali yangu haiuzwi. Kunywa kahawa, useme."

Nizar akanywa, akasema. Akaeleza habari ya wale watu wa Mashariki. Akaeleza kwamba kule milima ya Alpi, katika miji ya kale yenye nyumba za rangirangi, huwekwa soko kila mwezi wa Krismasi, na watu hununua kitu chochote chenye harufu. Akauliza, kwa upole wa mwalimu wa chuoni, "Sasa mkoa wetu huu unaitwaje, bibi?"

"Sharqiyah."

"Maana yake?"

Bi Kuruthum akasita, kikombe mdomoni. "Mashariki."

"Mashariki!" Nizar akapiga paja. "Ubani tunao, Mashariki ni kwetu. Sisi ndio wenyewe!"

"Na hiyo hekima utaipata wapi?"

Swali hilo Nizar alilipita kama mtu anavyopita shimo la barabarani, akatoa silaha yake kubwa. "Na theluji ipo, bibi. Mpaka magotini."

Hapo alimshika. Wifi yake Bi Kuruthum, Bi Alya, alikwenda Uswisi mara moja tu, lakini picha yake kwenye theluji imetundikwa ukumbini, hutumwa kwa simu kila sikukuu, na kila mgeni huoneshwa kabla hajapewa maji. Bi Kuruthum alikuwa ameitazama picha ile kwa miaka, akisema mashaallah kwa meno.

"Nani atalipia?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Wewe utalipia, mimi nitachoka. Faida nusu kwa nusu."

"Ubani uwe hojari safi, ule wa daraja la kwanza."

"Hojari ya kifalme, wallahi."

Kiapo ni kiapo, lakini Nizar alikuwa na mtazamo mpana juu ya viapo. Alikwenda kwa muuza ubani akanunua vumbi la chini ya gunia, magome na vijiwe, akavitia katika vifuko vya hariri vyenye utepe wa dhahabu. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Watauza siku nne. Siku ya mwisho, kabla ya kurudi, yeye atashika kijisanduku cha mauzo na treni ya Italia, ambako ana rafiki, na Bi Kuruthum atarudi Ibra na picha yake ya theluji. Kila mtu atakuwa amepata alichokitaka. Dhuluma iko wapi?

Wakaruka mpaka Munich, wakapanda treni, wakateremka Hall, mji mdogo wa kale karibu na Innsbruck. Ulikuwa mji wa kumtoa mtu ulimi: vichochoro vya mawe, paa zilizobeba theluji, milima imesimama nyuma ya nyumba kama inachungulia madirishani. Kwenye uwanja wa juu vibanda vya mbao vimepangwa, na kuta za nyumba zimemulikwa tarakimu kubwa za taa, za kuhesabia siku mpaka Krismasi. Bi Kuruthum alishuka na majoho matatu, kanga juu yake, na kofia ya sufu juu ya mtandio. Akasimama katikati ya uwanja, akavuta pumzi.

"Karafuu!" akasema. "Nizar, nasikia harufu ya karafuu za kwetu! Na mdalasini!"

"Ni mvinyo, bibi. Wanauchemsha na viungo."

Uso wa Bi Kuruthum ukanyong'onyea. "Babu zetu wamepanda mikarafuu wakaanguka juu yake wakavunjika viuno, kumbe ilikuwa ije iogeshwe pombe? Twende zetu."

Kibanda walichopata kilikuwa nusu ya kibanda cha bwana mmoja muuza mishumaa, jina lake Lorenz, mtu mnene mwenye mashavu mekundu. Nizar akazungumza naye kwa Kiingereza, akavaa kanzu nyeupe na kilemba cha rangi, akatia mkono kifuani, na akaanza kazi.

"Natoka Mashariki!" aliwaambia wapita njia. "Mashariki yenyewe! Tazama pasipoti!"

Walitazama. Walicheka. Hawakununua. Watu wa milimani, Nizar aligundua, humsikiliza mtu mpaka mwisho, humshukuru, halafu huenda kununua soseji.

Bi Kuruthum alikaa kimya juu ya kigoda asubuhi nzima, mikono ndani ya majoho. Halafu akainuka, akatoa chetezo mkobani na kopo dogo la ubani wake mwenyewe, kwani yeye halali chumba cha kigeni bila ya kukifukiza. Akaomba makaa kwa mchoma njugu jirani, kwa ishara, akatia punje tatu. Moshi ukapanda, ukatembea uwanjani, ukawashika watu pua mmoja mmoja ukawaleta. Kabla ya adhuhuri palikuwa na msururu.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo Nizar hakulijua, wala hakuwa na njia ya kulijua. Ibra kuna soko la wanawake kila Jumatano, ambalo mwanamume hatii mguu. Bi Kuruthum alikuwa ameuza humo vitambaa, manukato na maneno kwa miaka thelathini. Wanawake wenzake walimwogopa kama forodha.

Alimshika mteja mkono, akamtazama machoni, akamsemesha Kiswahili cha Unguja kama anamliwaza mfiwa. Nizar akatafsiri kwa Kiingereza atakavyo: mara ubani umechumwa na mabikira, mara umelala miaka mia pangoni. Mteja ananusa moshi wa hojari ya Bi Kuruthum, ananunua vumbi la Nizar, anaondoka ana furaha.

"Bibi," Nizar akamnong'oneza, roho yake ikimwia laini kwa mara ya kwanza, "umewafukizia wako, unawauzia ule mwingine. Watu hawatasema tunawadanganya?"

"Mimi nimefukiza tu," Bi Kuruthum akajibu. "Kwani huo mwingine una nini? Si hojari ya kifalme?"

"Ya kifalme, wallahi."

Siku ya pili akaja kikongwe mmoja mwenye fimbo. Wanawake wa milima ile, katika siku za Krismasi, huzunguka vyumba na mazizi wakifukiza kufukuza shari, na kikongwe huyu alikuwa amefukiza tangu utoto. Akafungua kifuko, akatia pua, akaukunja uso, akasema maneno marefu ya Kijerumani.

"Kasemaje?" Bi Kuruthum akauliza.

Nizar hakujua Kijerumani hata cha kuombea maji. "Anasema harufu hii imemkumbusha marehemu mama yake."

"Kwa sura ile?"

"Huzuni, bibi."

"Masikini," akasema Bi Kuruthum, akaichota hojari kidogo kutoka kopo lake, akamtilia yule bibi kiganjani. Kikongwe akanusa, akamtazama, akaenda zake bila ya kusema zaidi. Nizar aliona ni ukarimu wa kijinga, akamsamehe, kwani biashara ilikuwa nzuri na mwenye kijisanduku alikuwa yeye.

Siku ya mwisho ilitulia vizuri. Jua lilikuwa juu ya theluji. Nizar akamwendea mwenye gari la farasi akampatana. "Bibi," akasema, "huwezi kuondoka bila ya kuuzunguka mji kwa farasi. Nitakupiga picha. Bi Alya hatalala."

"Mwanangu, Mungu akuzidishie."

Akamshika mkono kumpandisha, akashangaa bibi alivyokuwa mzito; ni majoho, alidhani. Mabegi yake mawili yalikuwa tayari ndani ya gari. Ati miguu yake isipate baridi, ataiegemeza hapo. Nizar mwenyewe akamfunika blanketi, akalikunja vizuri magotini, akalichopeka huku na huku kama anamlaza mtoto. Akapiga picha. Bi Kuruthum akampungia mkono. Farasi wakaenda, kengele zikilia.

Nizar akageuka, akainama chini ya meza.

Hapakuwa na kijisanduku.

Akatafuta nyuma ya mishumaa. Akatafuta ndani ya gunia. Akasimama, na Lorenz alikuwa mbele yake anatabasamu, ameshika aproni na kofia ya sufu.

"Hii yako," Lorenz akasema kwa Kiingereza.

"Sanduku liko wapi?"

"Kachukua mwenyewe. Bibi kaniuzia."

"Kakuuzia nini?"

"Ubani uliobaki, nusu ya kibanda, na wewe." Lorenz akahesabu kwa vidole vyake vinene. "Mpaka soko lifungwe. Kasema umeomba mwenyewe ubaki, unapenda kazi. Mshahara wako kauchukua mbele, atakuwekea."

"Kakwambia kwa lugha gani? Bibi yule hajui lugha!"

"Kwa Kijerumani. Kijerumani kizuri sana. Cha zamani kidogo, kama cha shangazi yangu wa Dresden."

Nizar akapiga simu. Bi Kuruthum akapokea. Nyuma yake ilisikika sauti ya kituo cha treni.

"Bibi! Wapi umejua Kijerumani?"

"Si miaka ile, mwanangu, serikali ilipokuwa ikipeleka vijana wa Unguja kusoma? Mimi wakanipeleka uuguzi, Ujerumani ya Mashariki. Miaka minne." Akacheka. "Wewe wa Sharqiyah, na mimi wa Mashariki. Sasa sijui hekima ilikaa kwa nani."

"Basi yule kikongwe..."

"Alisema ule ubani wako ni takataka ya sakafuni, hata shetani haumwondoi. Nikaona haya, wallahi. Nimeharibu tiketi na hoteli kwa ajili ya vumbi? Na mwenye kuapia vumbi hashindwi kukimbia na sanduku."

"Bibi, hii ni dhuluma! Nitakwenda polisi!"

"Nenda. Utawaambia nini? Kwamba sanduku ulilotaka kuniibia limeibiwa na mwenyewe?"

Nizar angeweza kumpigia kaka yake amtumie nauli, lakini kumpigia kaka ni kuipigia Ibra nzima.

"Tiketi yako nimeisogeza mbele," Bi Kuruthum akaendelea kwa upole. "Lorenz ana chumba juu ya karakana ya mishumaa, kina joto. Na ile picha, ilitoka vizuri?"

"Imetoka," Nizar akasema.

"Nitumie. Khalas, treni imefika."

Akaituma. Hakujua kwa nini aliituma. Ilikuwa picha nzuri, bibi anacheka, blanketi limekaa sawa magotini, na chini ya blanketi, kwa mtu anayejua pa kutazama, pana pembe nne zilizonyooka.

Lorenz akamvalisha aproni juu ya kanzu, akampiga bega, akaenda zake kunywa kitu cha moto. Nizar akabaki peke yake na magunia. Theluji ikaanza tena. Kutoka kona ya kanisa akaona wanawake wanakuja, sita au saba, wakubwa kwa umri, kwa mwendo wa watu wasio na haraka kwa sababu wanajua wanakokwenda. Mbele yao alikuwa yule kikongwe mwenye fimbo. Kila mmoja alikuwa ameshika kifuko cha hariri chenye utepe wa dhahabu, na vyote vilikuwa vimefunguliwa.